Fundo la Nne

"Una mpaka jua litue," alisema Chifu Inspekta Kamau bila kuinua macho kwenye faili. "Likitua hujaniletea jina jingine, namtuma Konstebo Wamuyu akamtoe yule mjane ndani."

Inspekta Bochaberi alibaki amesimama. Kiti cha wageni kilijaa mafaili, na hata kingekuwa kitupu asingekaa.

"Afande, yumo edani, hatoki nyumbani. Ana siku tano tu tangu azikiwe mume."

"Seli yetu haijui eda."

"Basi mpaka jua litue," akasema Bochaberi, akageuka kutoka. Mlangoni alisimama. Alijua kilichoandikwa kwenye ukurasa wa juu wa faili ile, kwa maana mwandiko ulikuwa wake.

Yunusi alikuwa nahodha wa boti ya kuvusha wasafiri wa ndege kati ya Amu na Manda. Jumatatu iliyopita aliondoka alfajiri, asirudi. Adhuhuri boti ikakutwa imefungwa mikokoni upande wa Manda, tupu. Mwili ukaibuka Jumatano asubuhi. Watu wakasema aliifunga boti, akaingia majini kutoa nyavu zilizonasa kwenye propela, mkondo ukamchukua. Waliomwokota walimfunika turubai kwa heshima. Ndugu wakaomba wamzike siku ile ile kama ilivyo ada, naye Bochaberi akainua pembe moja ya turubai, akaona uso uliovimba, akaishusha haraka. Akatia sahihi wazike. Daktari hakuitwa.

Ijumaa ndipo alipoishukia boti mwenyewe. Alipiga magoti matopeni, akaipapasa propela kwa vidole. Ilikuwa safi kama sahani ya Idi. Haikuwa na nyavu, haikuwa na hata unyasi. Na jana Jumapili, Sadiq, nduguye marehemu, akaja kituoni kushtaki kwamba shemeji yake anawaaibisha: anasema mumewe humjia kila alfajiri, ameshika shingo.

"Shingo," Kamau alisema nyuma yake, kana kwamba alikuwa akifuata mawazo yake hatua kwa hatua. "Haimo kwenye ripoti, haimo midomoni mwa waliomwokota. Ni mjane peke yake. Ajuaye shingo ndiye aliyeishika, Bochaberi, au alisimama akamtazama aliyeishika. Na uliyeruhusu wamfukie ni wewe."

Bochaberi alilitia daftari mfukoni, akatoka. 

*

Nyumba ilikuwa ndani kabisa Langoni, penye kichochoro ambacho punda wawili hawapishani. Ngazini alipokewa na Bi Mwanamkisi, mamake mjane, mwanamke mfupi mwenye ufunguo shingoni na ulimi usiofungwa.

"Mkubwa wako mbona haji mwenyewe? Kila siku ni wewe tu, kama barua."

"Ngazi hii hapandi mwanamume, Bi."

"Alaa, unajua. Basi vua viatu, mwanangu. Hajala tangu jana. Labda wewe mwenye bunduki utamtisha ale."

"Sina bunduki, Bi."

"Nami sina subira. Panda."

Thuwaiba, yule mjane, alikuwa ameketi mkekani, nguo nyeupe, hana wanja, hana udi. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na siku tano zilikuwa zimemwongezea kumi. Mbele yake palikuwa na sinia la biriani lililofunikwa, halijaguswa.

Bochaberi alifungua daftari. Aliamua kuuliza kama anavyomuuliza shahidi yeyote, kwa saa na kwa mahali, kwa kuwa hakujua namna nyingine.

"Huja saa ngapi?"

"Nikitoa salamu ya alfajiri. Nikigeuka kulia, hapana kitu. Nikigeuka kushoto, yuko."

"Umelala au uko macho?"

"Bi Askari, mtu husali amelala?"

"Amevaa nini?"

"Sanda. Imerowa mai."

"Anasema nini?"

"Neno moja tu, siku zote hilo. Limesalia fundo moja."

Bochaberi aliandika. Miaka mitatu ya kukaa Amu ilimfunza kwamba sanda hufungwa mafundo matatu, kichwani, kiunoni na miguuni, na kwamba maiti akishalazwa mwanandani, ndani ya kaburi, mafundo hayo hufunguliwa.

"Kati ya yale matatu, lipi limesahauliwa?"

"Hakuna lililosahauliwa. Nimemtuma mama amuulize Sadiq, ndiye aliyeshuka kaburini. Yote matatu alifungua kwa mkono wake." Thuwaiba aliinua kidole, akakigusisha chini ya sikio lake la kushoto. "Hili liko hapa. Ni utepe mwembamba mweupe umezunguka shingo. Nalimuuliza, lakuumiza? Akasema, silalii."

"Silalii?"

"Ndivyo alivyosema. Hata mimi sikuelewa."

Bochaberi alilipigia mstari neno lile. "Ni nani aliyekwambia habari za utepe?"

"Yeye."

"Ukimtoa yeye."

"Waliomuosha na kumzika ni wanaume. Hakuna hata mmoja aliyepanda ngazi ile."

"Chakula hiki kaleta nani?"

Bi Mwanamkisi ndiye aliyejibu, akilisukuma sinia kwa ncha ya kidole kana kwamba lina moto. "Amini, mshirika wa Yunusi kwenye boti. Kila siku sinia. Mui mzima wamsifu. Wanasahau kuwa alimtaka Thuwaiba kabla ya Yunusi, nasi tukamnyima. Na juzi, mchanga wa kaburi haujakauka, amemtuma dadake: mwambieni asijiahidi kwa mtu. Hakutaja posa, kwa kuwa posa edani haramu. Amepita kando kando kama kaa. Lakini kaa ni kaa, mwanangu, hata akienda upande."

"Amini alikuwa wapi Jumatatu ile?"

"Kitandani ana homa. Ndivyo alivyosema."

Ndivyo alivyomwambia Bochaberi pia. Lilikuwa limeandikwa kwenye daftari hilo hilo, pamoja na jambo jingine dogo: majaketi ya kuokolea kwenye boti yalikuwa saba. Amini alisema la nane lilichukuliwa na maji.

Alivuta pumzi kabla ya swali la mwisho. "Bi Thuwaiba, nisamehe. Kuna wanaojiondoa wenyewe. Yunusi alikuwa na jambo?"

Mjane hakukasirika. "Mwaka jana tulizika mwana. Alikuwa na siku arubaini na mbili. Yunusi akawa hali chakula, hasemi, hushinda kwa Barka mshona kanzu, kwa kuwa Barka ndiye aliyemuosha mwanetu. Ungeniuliza mwaka jana ningekwambia, namchelea. Lakini sasa..." Aliweka kiganja tumboni. "Ni miezi mitatu. Yuwajua mama, najua mimi, na alijua yeye. Jumapili ile, siku moja kabla hajaondoka, alikishusha darini kitanda cha mtoto, akakipeleka kwa Rufus seremala kitiwe mguu mpya."

Bochaberi alifunga daftari, kisha akasema lile lililomleta. "Jua likitua watakuja kukuchukua. Nitajaribu kuwazuia. Siwezi kukuahidi."

Alitarajia kilio. Thuwaiba alitazama tu ule upande wa kushoto wa mswala.

"Wakinitoa hapa," alisema polepole, "kesho akiya asinikute, atamwambia nani?"

*

Karakana ya Rufus ilikuwa hatua hamsini kutoka pale. Rufus, mtu wa bara aliyekuwa na vumbi la mbao hadi kwenye kope, alimwonyesha kitanda: mguu mpya wa mwembe, bado haujapigwa vanishi.

"Alisema nini alipokileta?"

"Alisema nisiharakishe, tuna miezi sita. Halafu akacheka peke yake. Kisha akarudi kutoka mlangoni kunionyesha msumari mmoja umetokeza, akasema utamchoma." Rufus alipangusa mikono. "Madam, hiki sasa nimpe nani?"

"Kaa nacho. Nipe mguu wa zamani."

*

Barka hakuwa mzee wa kuegemewa na watu. Alikuwa na miaka hamsini, tumbo kidogo, miwani iliyofungwa kwa uzi, na pini tatu mdomoni. Aliposikia jina la Yunusi aliendelea kukanyaga cherehani.

"Yunusi nimemuosha, nimemvika, amezikwa. Habari zake ziko kwa Mola wake."

"Uliona nini shingoni?"

Cherehani ikasimama. Alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wa pini.

"Mwosha haoni, Bi Inspekta."

"Una macho."

"Nina macho ya kutungia uzi. Kwa maiti huenda na mikono tu. Sisi tumefunzwa, anayeosha akasitiri, husitiriwa. Nimeosha watu wa mui huu miaka ishirini na mbili. Nimeosha walevi, nimeosha mashekhe. Nikisema la mmoja, nani atalala raha akijua kuwa iko siku atalala mbele yangu? Mwosha ndiye kaburi la kwanza."

"Mahakama inaweza kukulazimisha."

"Mahakama na inifunge. Nitashona huko huko."

Bochaberi alijua vitisho vimekwisha. Alifungua mfuko, akaweka juu ya meza, kati ya chaki na makasi, mguu wa kitanda uliovunjika. Barka aliutazama. Mkono wake ukanyanyuka, ukashuka.

"Huu ni wa kitanda cha yule mwana," alisema. "Nakijua. Nilimchukua kutoka humo mwenyewe."

"Jumapili Yunusi alikipeleka kwa Rufus kitiwe mguu mpya. Akatazama mpaka misumari. Bi Thuwaiba ana mimba ya miezi mitatu, Fundi. Yunusi alijua. Mtu aliyekusudia kufa Jumatatu hatengenezi kitanda cha mtoto Jumapili."

Barka aliupapasa mguu ule kwa kidole.

"Ulipoona shingo yake ulifikiri amejinyonga kwa huzuni ya mwanawe. Ukaficha ili watu wamsalie, wasimnong'one. Ni huruma, silaumu. Mimi mwenyewe niliinua turubai nikaishusha, na langu halikuwa huruma, lilikuwa ni uvivu wa moyo. Lakini niambie sasa: ulichositiri ni aibu ya maiti, au ni mtu aliyemuua?"

Nje punda alipita na mifuko ya saruji, mwenyewe akimhimiza. Barka alingoja wapite. Alipovua miwani Bochaberi aliona macho yamejaa.

"Niliosha chini ya shuka, kama inavyotakiwa," alisema. "Sadiq alimimina maji akiwa upande wa miguu, hakuona. Palikuwa na alama imezunguka shingo. Si ya kamba. Ni ya mkanda, upana wa vidole viwili, na hapa kooni umejichapa mraba wenye mistari miwili iliyopitana. Mimi nikishona mkanda huufungia hivyo, mraba na kati yake mkato huku na huku, usiachie. Nalijua ni mshono wangu."

"Ulishona mikanda ya nani?"

"Ya majaketi ya boti yao. Manane. Nikasema moyoni, masikini, amechukua mkanda wa jaketi, amejifunga kwenye mkoko, mkoko ukamwachia majini, mkanda ukachukuliwa na mkondo. Nikahofia wakimfunua uso nduguze wamuage, wataona. Nikachana utepe wa sanda, nikamzungushia shingoni, nikapiga fundo."

Kalamu ya Bochaberi ilisimama. 

"Fundi, usiniambie fundo liko wapi. Shusha kanzu ile iliyotundikwa. Chukua chaki, tia alama penye fundo."

Barka alimtazama bila kuelewa, lakini alinyanyuka. Akaishika kanzu mabegani kana kwamba ndani yake mna mtu, akatia alama moja ndogo kwenye ukosi: kushoto, chini ya mahali ambapo sikio lingekuwa.

"Kwa nini kushoto?"

"Maiti hulazwa ubavu wa kulia. Nisingemfanya alalie fundo mpaka siku ya kufufuliwa."

Bochaberi aligeuza daftari, akalisukuma mbele yake, akaonyesha neno lililopigiwa mstari. *Silalii.*

"Ulimwambia nani?" aliuliza. "Mkeo? Sadiq?"

"Wallahi hata hewa sikuiambia." Barka alilisoma tena, akarudi nyuma hadi akakalia kitambaa cha mtu. "Nani amekupa neno hili?"

"Bi Thuwaiba. Asema kaambiwa na Yunusi."

Barka alisoma kitu kwa sauti ya chini. Bochaberi hakusubiri amalize. Akili yake ilikuwa imeshapita mbele. Kamau alisema ajuaye shingo ndiye aliyeishika. Lakini mjane hakuijua shingo kama muuaji alivyoiacha. Hakutaja mkanda, hakutaja alama. Alitaja utepe, na utepe ulifungwa siku mbili baada ya mtu kufa, na mikono ya mwosha, chini ya shuka. Muuaji hakuwahi kuuona. Kwa hivyo yale yale maneno ambayo yangempeleka Thuwaiba seli ndiyo yaliyomtoa. Aliyajuaje ni swali ambalo halikuwa na mahali kwenye fomu yoyote ya polisi, naye aliliacha pale lilipo.

"Swali la mwisho. Sanda ililetwa na nani?"

"Amini. Alitangulia kuifikiria, Mungu amlipe. Aliniletea kitambaa Jumanne baada ya adhuhuri, akasema kata kabisa, nami nikakata."

"Jumanne."

"Jumanne."

"Mwili uliibuka Jumatano, Fundi. Jumanne Sadiq alikuwa bado anazunguka Manda akiita jina la nduguye."

Barka alifungua mdomo. Siku tano mji mzima ulimsifu Amini kwa ile sanda, na yeye alikuwa miongoni mwao.

"Nitaandika," alisema. "Nipe karatasi. Na kaburi likifunguliwa, mtu mwingine asimguse. Fundo ni langu."

*

Hakimu alitia sahihi kibali cha kufungua kaburi saa nane unusu. Kadhi aliulizwa, akasema penye damu ya mtu kaburi hufunguliwa. Saa kumi walikuwa makaburini: Kamau, Daktari Emily wa hospitali, Barka, Sadiq aliyekuwa na uso wa jiwe, na watu wachache waliosimama mbali. Amini alikuwa mmoja wao, kijana mrefu, nadhifu, kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, mikono nyuma.

Barka aliingia mwanandani peke yake. Bochaberi alikaa kando, akageuza uso upande, sikio tu likiwa kazini. Alimsikia akisema salamu kwa maiti, kisha, "Nimeshafungua." Alitazama saa yake, akaandika: kumi na dakika ishirini. Barka alipanda akiwa ameshika utepe mweupe kwa mikono miwili, akauingiza mwenyewe kwenye bahasha ya ushahidi.

Daktari Emily alishuka, akakaa robo saa. Alipotoka alivua glavu kwanza. "Mfupa wa koo umevunjika. Na alama ipo, upana ule ule. Huyu alikabwa. Kwa nyuma."

Sadiq alitoa sauti ambayo haikuwa neno.

Sasa au kamwe, Bochaberi aliwaza. Mkanda ulikuwa umetoka kwenye boti, lakini boti ilipandwa na watu mia. Sanda ya Jumanne ilikuwa ya ajabu, lakini wakili yeyote angesema Amini alikata tamaa mapema, basi. Hakuwa na shahidi. Alikuwa na kitu kimoja tu, yale masinia. Alimgeukia Kamau, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wale waliosimama mbali:

"Afande, basi nimlete mjane? Alijua shingo kabla ya daktari. Tumeambiwa alionekana Manda asubuhi ile."

Kamau alimkazia macho. Hakuna aliyewaambia hivyo, naye alijua. Kwa muda Bochaberi alifikiri atamvua nguo mbele za watu. Kisha yule mkubwa akakohoa.

"Mlete. Usiku huu asafirishwe bara. Mashtaka ni ya kuua."

"Edani?" mtu mmoja akauliza.

"Hata edani."

"Mwanamke yule hakuweko."

Amini alikuwa ametoka kwenye kundi, hatua mbili. Mikono haikuwa tena nyuma.

"Hakuweko wapi, Bwana Amini?" Bochaberi aliuliza.

"Manda. Hakuweko."

"Wewe ulikuwa na homa. Umelala Amu, mlango umefungwa. Umejuaje nani alikuwako mikokoni na nani hakuwako?"

Amini alilamba midomo. "Mtu mwema kama yule..."

"Ulinunua sanda Jumanne. Nduguye alikuwa bado anamwita. Wewe ulijua haitiki." Alisogea karibu, akashusha sauti kama mtu anayemsihi, na kweli alikuwa akimsihi. "Sema, au uende nyumbani ukae, na usiku utamsikia akipitishwa kichochoroni, amefungwa pingu, ana mimba ya miezi mitatu. Sinia la kesho utampelekea wapi?"

Aliliona neno *mimba* likimwingia. Amini aliketi mchangani kama mtoto.

"Mwacheni," alisema. "Hajui kitu. Nilikuwa mimi. Nalimwambia Yunusi anipe ndia niondoke, anunue sehemu yangu, niende Mombasa, siwezi kumuona kila siku anarudi kwake. Akanicheka. Si kwa ubaya. Akanambia, subiri, Mungu atakupa wako, mimi amenipa tena. Amenipa tena, akasema, na akageuka kuwasha mashine." Alifunika uso. "Sikujua kuwa ni mtoto. Wallahi sikujua."

Sadiq aliruka. Barka ndiye aliyemdaka, akamkumbatia kwa nguvu zake zote.

"Si juu ya kaburi, mwanangu. Kwanza tumlaze nduguyo. Tumlaze vizuri."

Kamau alimtia Amini pingu mwenyewe. Alipopita karibu na Bochaberi hakusema hongera. "Siku nyingine," alinong'ona, "ukitaka kuniazima uongo, nijulishe mapema."

*

Jua lilikuwa juu ya mapaa ya Langoni alipopanda ngazi ile tena, viatu mkononi. Bi Mwanamkisi alimzuia kwa kiganja.

"Pole pole. Amelala. Usingizi wa kwanza tangu afe mume. Alikuwa amekaa hivi hivi, mara akasema, mama, kumetulia. Akaanguka kama mtu aliyekatwa kamba."

"Saa ngapi?"

"Sisi wanawake wa eda tuna saa? Baada ya alasiri. Kumi na kitu. Kwani?"

"Si kitu," alisema Bochaberi, na hakuandika.

Lakini Thuwaiba alikuwa amesikia sauti. Alinyanyuka, akaketi, akasikiliza yote mpaka mwisho: mkanda, sanda, Amini, lile *amenipa tena*. Hapo tu ndipo alipofumba macho. Alipofumbua aliuliza jambo ambalo Bochaberi hakulitarajia.

"Barka alilifungua kwa makasi au kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Alhamdulillahi." Alitazama kushoto kwa mswala. Palikuwa na ukuta tu, na mwanga wa jioni juu yake. "Hayuko. Siku tano namuombea afunguliwe, Bi Askari, na kumbe nilikuwa nikimfungulia mlango aondoke. Kesho nitatoa salamu, nigeuke, na itakuwa ukuta. Nitaweza?"

Bochaberi alitia mkono mfukoni, akatoa bahasha ya ushahidi.   Muhuri ulikuwa haujabandikwa. Alikuwa ameuacha kwa makusudi tangu makaburini, akijiambia kuwa gundi imekauka.

"Hiki ni ushahidi wa serikali," alisema. "Hakiguswi na mtu. Dakika tano."

Utepe ulikuwa na madoa ya udongo, na pale palipokuwa na fundo umebaki umejikunja. Thuwaiba aliupokea kwa viganja viwili. Aliunusa. Akauzungusha kwenye mkono wake wa kushoto, mara moja, mara mbili, na kwa meno na vidole akaupiga fundo, akalikaza mpaka mishipa ikatokeza.  Chini kichochoroni Rufus alikuwa akigonga mlango, akiuliza kwa sauti ya mtu wa bara kama kuna anayeweza kumsaidia kupandisha kitanda cha mtoto, na Bi Mwanamkisi akashuka kukipokea.

Thuwaiba alisikiliza ule mgongano wa mbao na ukuta, ngazi baada ya ngazi, ukija juu.

Kisha akalifungua fundo, mwenyewe, polepole, akaulaza utepe juu ya goti na kuunyoosha kwa kidole gumba mpaka ukawa hauna kunjo, akaurudisha.